Nani Alifagia Baada ya Watawa?

Msafiri Mwingereza Samuel Baker alifika Gondokoro mara mbili. Mwaka 1863, ng'ambo ya Nile kutoka hapa ulipo mji wa Juba, alikuta magofu ya kanisa la matofali na bustani iliyokwisha kutelekezwa, lakini milimau na mindimu iliyopandwa na wamisionari ilikuwa bado hai. Aliporudi mwaka 1871, hata magofu hayakuwepo tena. Wabari, wenyeji wa pale, walikuwa wameyachukua yale matofali, wakayasaga yakawa unga, wakauchanganya na mafuta, wakajipaka mwilini kama walivyozoea kujipaka udongo mwekundu. Baker alilisimulia jambo hilo kwa mzaha, kana kwamba ni kichekesho cha watu wasiojua thamani ya nyumba ya Mungu. Mimi nalisoma kinyume chake. Mtu hasagi ukuta wa nyumba yake mwenyewe. Wabari walilitazama kanisa lile kama watu wa kando ya mto wanavyolitazama gogo lililoletwa na mafuriko: aliyelileta amekwenda zake, na kilichobaki ni cha yeyote mwenye kazi nacho. Unga ule mwekundu ni hukumu, na ilitolewa bila chuki. Unasema kwamba kwa muda wote kanisa lile liliposimama, hakuna jirani aliyepata sababu ya kuliita lake.

Mtu anapozuru kanisa la kale, huuliza kwanza ni nani aliyelijenga na mwaka gani. Swali hilo lina majibu mepesi, maana wajenzi hupenda kuandika majina yao. Ningependa msafiri aanze na swali jingine: siku ya pili baada ya mjenzi kuondoka, nani alishika ufagio? Tuchukue mfano mmoja wa mbali. Kanisa la Mtakatifu Paulo lililoko Jarrow, kaskazini mwa Uingereza, lina jiwe linalotaja siku lilipowekwa wakfu, 23 Aprili 685. Lilikuwa kanisa la nyumba ya watawa, na ndipo alipoishi Bede, mtawa aliyeandika historia ya kanisa la Waingereza. Nyumba ile ilikufa zaidi ya mara moja. Wavamizi kutoka Skandinavia waliiandama, ikakaa tupu kwa vizazi, watawa wakarudi katika karne ya 11, na hatimaye mfalme Henry wa Nane akaivunja mwaka 1536. Makao ya watawa leo ni mistari ya mawe katika nyasi. Lakini upande wa altare, uliojengwa katika karne ya 7, bado una paa na bado unasaliwa. Watawa walipoondolewa, watu wa kawaida walibaki na watoto wa kubatiza, wachumba wa kufungisha ndoa na maiti wa kuzika, na kazi hizo zilihitaji mahali. Tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii hutumiwa kumwonya mvivu, lakini ndani yake mna swali la haki pia: ufa wa nyumba isiyo na mwenyewe utazibwa na nani? Hoja yangu ni kwamba umri wa kanisa hauamuliwi na uimara wa mawe yake wala utakatifu wa waliolianzisha. Huamuliwa na idadi ya watu wasio watawa na wasio mapadri ambao wangepungukiwa na kitu maishani mwao kama paa lile lingeanguka.

Hakuna haja ya kukaa Uingereza kwa muda mrefu ili kulipima wazo hili. Maji yanayopita chini ya madaraja ya Juba huteremka mpaka Nubia, na huko kulikuwa na makanisa ya mawe na nyumba za watawa tangu nyakati za kina Bede. Kati ya takriban mwaka 543 na 580 falme tatu za Nobadia, Makuria na Alwa zilipokea Ukristo. Katika bonde kavu la Wadi Abu Dom, si mbali na Merowe, yapo magofu ya Ghazali, nyumba ya watawa iliyodumu tangu karne ya 7 hivi hadi ya 13. Ilikuwa na makanisa, vyumba vya watawa na ukumbi wa kulia. Karibu nayo pana makaburi yenye mawe yaliyochongwa maandishi ya Kigiriki na Kikopti, na mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma. Huko Banganarti wasafiri walikwaruza mamia ya sala na majina yao kwenye kuta za kanisa la malaika mkuu Rafaeli. Na huko Faras wataalamu wa Poland wakiongozwa na Kazimierz Michałowski walifukua kanisa kuu kati ya mwaka 1961 na 1964, wakikimbizana na maji ya bwawa la Aswan, wakakuta zaidi ya michoro 100 ukutani: Mtakatifu Anna ameweka kidole mdomoni, na askofu Petro, mtu mweusi aliyevaa mavazi ya ibada, amesimama mbele ya mtume ambaye ni wajina wake. Rangi zile zilikuwa safi kwa sababu mchanga ulikuwa umelijaza jengo. Hapa msomaji atue kidogo. Mchanga uliozihifadhi picha za Faras ni mchanga uleule ambao mfagiaji angeutoa nje kila asubuhi. Ulirundikana kwa kuwa ufagio ulikoma. Kwa hiyo mambo mawili tunayoyachanganya mara nyingi ni tofauti kabisa: kanisa linaweza kuhifadhika vizuri kwa sababu limekufa, na kanisa lililo hai linaweza kupoteza picha zake zote kwa kupakwa chokaa kila Pasaka.

Gondokoro haikupata hata bahati ya mchanga. Mwaka 1846 Papa Gregory wa Kumi na Sita aliunda vikarieti ya Afrika ya Kati, na mnamo Januari 1850 msafara wa kwanza wa mapadri, akiwemo Mslovenia Ignacij Knoblecher na Mwitalia Angelo Vinco, ulifika Logwek, mlima ambao wengi wanaujua kwa jina la Rejaf. Vinco alirudi peke yake mwaka uliofuata, akakaa kati ya Wabari, akafa mikononi mwao Januari 1853. Mwaka huohuo Knoblecher alianzisha misheni ya Gondokoro na kujenga kwa matofali. Mwaka 1854 kituo cha pili, Msalaba Mtakatifu, kilifunguliwa kaskazini zaidi katika nchi ya Wadinka, na huko ndiko kijana Daniele Comboni alikofika mwaka 1858, akauguza, akazika wenzake, kisha naye akaondoka mwaka 1859. Knoblecher alifariki Naples mwaka 1858. Kufikia mwaka 1860 hivi Gondokoro ilikuwa imeachwa. Kilichovuka salama kutoka katika kazi yote ile ni maneno. Mwaka 1867, huko Brixen, Ulaya, padri Johannes Mitterrutzner alichapisha kitabu cha sarufi na msamiati wa Kibari, akitegemea madaftari ya wamisionari pamoja na ulimi wa kijana Mbari, Logwit-lo-Ladu, aliyepelekwa Ulaya. Hebu tuupime umbali huo. Lugha ya watu wa Gondokoro ilipata kitabu mjini Brixen wakati ambapo Gondokoro kwenyewe hapakuwa na mtu wa kukifungua, na matofali yalikuwa njiani kuwa rangi.

Yupo atakayesema kwamba ninawaonea marehemu. Atasema misheni ile iliuawa na homa. Mapadri na mafundi walikufa mmoja baada ya mwingine kwa malaria na kuhara, wengine kabla hawajajifunza hata kusalimu. Atasema pia kwamba iliuawa na biashara ya pembe na ya watumwa, iliyoigeuza Gondokoro kuwa kambi ya watu wenye bunduki. Yote mawili ni kweli, na sitaki kupunguza hata chembe ya ujasiri wa watu waliopanda mto huu wakijua kwamba wenzao waliowatangulia wamezikwa. Lakini homa inaeleza kwa nini padri alikufa. Haielezi kwa nini hakuna mtu aliyeziba paa baada ya mazishi. Malaria iliwaua pia wamisionari wa Bagamoyo na wa Uganda, na katika sehemu hizo makanisa yaliendelea kufagiliwa. Kuhusu biashara ya watumwa, ndiyo kwanza inaipa nguvu hoja. Mashua iliyoleta padri ilipita njia ileile ya mashua zilizochukua watoto, na misheni ilisimama ufukoni, palepale zilipotia nanga. Kwa mwanakijiji aliye bara, ukuta wa matofali ulikuwa sehemu ya ile kambi. Isitoshe, swali kubwa la Wabari katika miaka ile lilikuwa mvua. Nyigilo, mkuu wa mvua ambaye alikuwa rafiki wa wageni na aliwahi kwenda nao hadi Khartoum, aliuawa na watu wake mwaka 1859 kwa sababu ya ukame. Watu wanaoweza kumuua mwenye mvua kwa kiangazi kirefu ni watu wanaochukulia ibada kwa uzito mkubwa mno. Hawakukosa dini hata kidogo. Nyumba ya matofali ndiyo iliyokuwa haijaingia katika maswali yao, kwa hiyo haikupendwa wala haikuchomwa moto kwa hasira. Ilisagwa tu.

Pingamizi kubwa zaidi linatoka Nubia yenyewe. Wanubia hawakuwa na kanisa la wageni. Walisali, wakatafsiri maandiko na wakaandikiana barua kwa Kinubia cha kale. Walikuwa na maaskofu wenye sura zao, kama yule Petro wa Faras, na watu wa kawaida waliandika majina yao ukutani huko Banganarti. Ikiwa kuwa la watu ndiyo siri ya kanisa kudumu, kwa nini hata hilo lilikufa? Nakubali kwamba vita, uhamiaji na karne nyingi za shinikizo kutoka kaskazini vilikuwa na uzito wake, na hakuna kanuni moja inayoeleza kifo cha ustaarabu uliodumu takriban miaka 900. Hata hivyo tazama mahali uzito wa kanisa lile ulipoegemea. Uliegemea kiti cha mfalme na kiti cha askofu, na askofu alipata daraja yake kutoka Aleksandria. Ukumbi wa kifalme wa Dongola uligeuzwa msikiti mwaka 1317. Timotheo, mmoja wa maaskofu wa mwisho tunaowajua, alipewa daraja mwaka 1372. Wachimbaji wa miaka ya 1960 waliukuta mwili wake Qasr Ibrim umezikwa pamoja na hati zake mbili ndefu za uaskofu, moja ya Kikopti na moja ya Kiarabu. Mtu yule alizikwa na cheti cha kazi ambayo baada yake karibu hapakuwa na wa kumwachia. Kisha, katika miaka ya 1520, padri Mreno Francisco Álvares akiwa Ethiopia aliona wajumbe kutoka nchi ya Wanubia wakimwomba mfalme awape mapadri, maana makanisa walikuwa nayo, mengi, yenye picha za watakatifu, na wa kuwahudumia hawakuwapo. Mfalme aliwajibu kwamba yeye mwenyewe hupata abuna, yaani askofu mkuu wake, kutoka Aleksandria, atawezaje kuwagawia wengine? Sijui habari ya kusikitisha kuliko hiyo katika historia ya mto huu: waumini wapo, kuta zipo, picha zipo, na mnyororo umekatika katika pete moja tu.

Lakini jibu la mfalme linafundisha jambo jingine, maana Ethiopia ilikuwa na udhaifu uleule na haikufa. Abuna wake alitoka Misri hadi katikati ya karne ya 20, na Mwethiopia wa kwanza kushika nafasi hiyo, Basilios, aliwekwa mwaka 1951. Mara kadhaa nchi ilikaa miaka bila askofu kabisa. Pamoja na hayo, makanisa yaliyochongwa katika mwamba huko Lalibela bado yanajaa watu usiku wa Krismasi, na nyumba ya watawa ya Debre Damo, ambayo mapokeo huihesabu tangu karne ya 6, bado ina watawa wanaopanda kwa kamba. Tofauti ilikuwa huko chini. Kila kijiji kilikuwa na mapadri wake wanaooa, wanaolima na kuzeeka palepale walipozaliwa, na walikuwapo pia madebtera, waimbaji na walimu walioshika nyimbo na maandishi bila kuwa mapadri. Askofu alipokosekana, kanisa lilichechemea, lakini magoti yake yalikuwa mengi.

Nchi hii ya Sudan Kusini imelifanya jaribio hilo la kanisa kuachwa na wachungaji wake mara mbili, na ni nadra historia kutoa jaribio safi kiasi hicho. Mara ya kwanza wageni waliondoka Gondokoro, na ndani ya miaka kumi na michache ukuta ukawa rangi. Mara ya pili ilikuwa mwaka 1964, serikali ya Sudan chini ya Jenerali Abboud ilipowafukuza wamisionari wa kigeni kutoka kusini, karibu watu 300 kwa jumla. Vita vilikuwa vinaenea, na mapadri wazalendo walikuwa wachache. Kwa kipimo cha Gondokoro, kanisa lingepaswa kufa. Badala yake lilikua. Makatekista waliokuwa wakilipwa kidogo au bila malipo waliongoza sala chini ya miti. Wakimbizi walikwenda nalo Uganda, Kongo na, katika vita vya pili vilivyoanza mwaka 1983, Ethiopia na Kakuma nchini Kenya. Miongoni mwa Wadinka wa Bor, vijiji vilivyokuwa na Wakristo wa kuhesabika vilijaa waimbaji, na nyimbo zilitungwa na watu waliokuwa wamepoteza kila kitu, akiwemo Mary Alueel Garang. Kati ya 1860 na 1964 kulikuwa kumetokea jambo lililokosekana hapo awali: maneno yalirudi kutoka Brixen, kama inavyofaa kusema, yakapata vinywa. Sisi tunaosema Kiswahili na jirani zetu wa Juba wanaosema Kiarabu cha mji huu tunatumia neno moja, kanisa. Kiarabu kilirithi neno hilo kutoka lugha ya Kiaramu, na huko lilimaanisha kwanza kusanyiko. Jengo lilikuja kuazima jina la watu, na mwaka 1964 watu walilidai jina lao.

Kama ni hivyo, atauliza mwingine, kwa nini tujishughulishe na magofu hata kidogo? Juba ina yatima, ina njaa, ina barabara zinazomezwa na mvua. Na Nubia si kwetu, Wabari na Wadinka hawakuzaliwa Dongola. Nakubali sehemu ya pili bila masharti. Wapo wanaousoma unabii wa Isaya sura ya 18 kuhusu nchi ya Kushi kana kwamba ni hati ya kuzaliwa ya Sudan Kusini, na naelewa faraja yake, lakini ukoo wa kubuni hautamsaidia mtu. Nubia ni jirani wa mto uleule aliyetutangulia katika jaribu lilelile, na jirani wa namna hiyo husikilizwa hata kama si ndugu. Kuhusu sehemu ya kwanza, sidai fedha za hospitali zipelekwe kwenye matofali. Nadai kitu cha bei nafuu: kukumbuka kwa usahihi. Michoro ya Faras iligawanywa kati ya Warsaw na Khartoum ili iwe salama, na vita vilivyoanza Aprili 2023 vikaiacha Makumbusho ya Taifa ya Sudan imeporwa. Hata makumbusho ni nyumba inayohitaji majirani. Kwa upande wa Gondokoro, karibu kila tunachokijua kimeandikwa na watu waliokuja na kuondoka. Simulizi la Wabari kuhusu Vinco, aliyekaa nao bila ukuta, na kuhusu ukuta uliojengwa baada yake, lastahili kutafutwa kwa wazee na kuandikwa kwa Kibari, kisha mahali penyewe pawekewe alama ambayo mtoto wa shule akivuka mto ataisoma kwa lugha ya nyumbani kwao.

Onyo la hoja hii linawahusu walio hai zaidi ya wafu. Makanisa ya leo, likiwemo kanisa kuu la Mtakatifu Theresa huko Kator ambamo Papa Fransisko alikutana na mapadri na watawa tarehe 4 Februari 2023, yanasimama katika nchi ambayo misaada ya nje hujenga mengi, kuanzia visima hadi mapaa. Msaada si dhambi, na watawa wa kina Bede nao walitumia mafundi wa ukuta na wa vioo walioletwa kutoka Gaul. Hatari inaanza pale parokia inapojua jina la mfadhili wa paa lakini haijapanga ni nani atakayelipanda mvua ya kwanza ikivuja. Kwa hiyo ningempa mgeni anayezuru kanisa lolote, liwe la karne ya 7 au la mwaka jana, kazi moja kabla hajasoma kibao cha mlangoni. Aende Jumamosi. Awatazame wanawake wa jumuiya ndogondogo wanapokuja na fagio na ndoo, ahesabu ni wangapi, na aangalie kama wamekuja na watoto wao. Wakiwa wengi na watoto wapo, aandike katika daftari lake kwamba ameona kanisa la kale, hata kama saruji bado haijakauka.